Waini nyekundu nzito ya Kifaransa kwa kipupwe hiki, bei isiyoumiza: nichukue ipi?

MwanaUnyanyembe
Mwangaluka wakuu. Niko Tabora mjini na baridi ya mwezi wa saba mnaijua, mchana jua linawaka kama kawaida ila ikifika saa mbili usiku kila mtu kavaa sweta. Wikiendi ijayo wakwe wanakuja, nachinja mbuzi, nusu ya kuchoma nusu rosti nzito, na baba mkwe alisoma Ubelgiji enzi hizo kwa hiyo bia hana habari nayo, anataka waini nyekundu ya Mfaransa, tena ile nzito inayojaa mdomoni sio majimaji. Shemeji yuko Dar anakuja na treni, nimemwambia achukue chupa 3, isizidi elfu 60 moja. Sasa kila picha ya shelfu anayonitumia ni Bordeaux Bordeaux Bordeaux, zote zimechorwa jumba la kifahari na maandishi ya dhahabu. Hapo mtu anachaguaje?

Mzee wa Mapipa
Mkuu hapo kwenye jumba la dhahabu ndo watu wanapopigwa. Bordeaux ni eneo kubwa mno, kuna chupa za bei ya kiwanja na kuna za kawaida kabisa, na hizi za kawaida nyingi zinatoka nyepesi zina ukali kidogo, wewe umelipia jina. Alafu yale maneno "Grand Vin de Bordeaux" yasikutishe, sio daraja lolote la kisheria, "Réserve" nayo kwa Wafaransa haina uzito wowote. Neno la maana zaidi ni "mis en bouteille au domaine" au "au château", yaani aliyelima zabibu ndiye kaijaza kwenye chupa. Hata hilo sio guarantii ya utamu ila angalau unajua imetoka wapi.

Mimi nanunua jirani wa mwenye jina. Mfano bonde la Rhône kusini: Châteauneuf-du-Pape kila mtu anaijua na bei yake iko mawinguni. Hapo hapo jirani kuna Gigondas na Vacqueyras, zabibu ni zile zile, grenache, syrah na mourvèdre, ila nazo siku hizi zimeshajulikana zinapanda. Shuka ngazi moja tena, tafuta Côtes du Rhône Villages, hasa ile yenye jina la kijiji limeongezwa mbele. Grenache inakupa joto na tunda lililoiva, syrah inaleta rangi na ule ukali wa pilipili manga, na hiyo pilipili manga kwa rosti ya mbuzi wee acha tu.

Ukikosa hiyo hamia Languedoc, kusini karibu na bahari ya Mediterania: Minervois, Corbières, Saint-Chinian, Fitou. Kule miaka mingi walikuwa wanazalisha waini ya bei chee kwa wingi, ubora umepanda ila jina halijabeba bei bado, ndo faida yetu hapo. Angalia na asilimia ya kilevi, ukiona 14 au 14.5 hiyo imetoka kwenye jua na itakuwa nzito, ukiona 12 jua ni nyepesi. Beaujolais mwambie aiache, ni nyekundu nyepesi, nzuri ila sio kwa kazi hii.

Mzalendo wa Zabibu
Kwani Dodoma pamefungwa? Zabibu za Makutupora zipo hapo njiani treni inapita, mnahangaika na Wafaransa.

MwanaUnyanyembe
@Mzalendo mkuu ya Dodoma nakunywa mwenyewe kila siku, huyu ni baba mkwe, nielewe tu.

Bi Ujiji
Mie wa Kigoma naongezea. Kwanza usimpikie migebuka siku hiyo, samaki wa mafuta mafuta na waini nyekundu nzito mdomoni inabaki ladha kama umelamba msumari, hiyo waini itunze kwa nyama. Pili hii habari ya "inywewe kwa joto la chumba" walisema watu wa nyumba za baridi huko Ulaya, kama nyuzi 16 hadi 18 hivi, sio chumba changu mie hapa ziwani cha nyuzi 28. Huku naiweka friji nusu saa ndo naitoa. Nyie Tabora usiku wa mwezi wa saba labda mnaweza kuiacha tu mezani, ila kama imeshinda jikoni karibu na jiko la mkaa ipoze kwanza, ikiwa ya moto inanuka spiriti hata kama ni ya laki mbili.

Na huyo shemeji aikague kizibo kabla hajalipa. Kikiwa kimesukumwa juu au kinavuja, chupa imeshapigwa joto mahali, airudishe. Safarini akae nayo miguuni, asiiache dirishani juani.

Kitimoto na Maharage
Mmesahau kusini magharibi ya Ufaransa jamani!! Cahors na Madiran. Cahors ni zabibu ya malbec, kisheria lazima iwe angalau asilimia 70, rangi nyeusi tii, zamani waliita kabisa waini nyeusi. Madiran ni zabibu ya tannat, hiyo ina ukakasi wa kufunga mdomo kama umetafuna ganda la ndizi mbichi, ukiinywa kavu kavu utaichukia lakini weka nyama yenye mafuta ukakasi unalainika, tanini, yaani kile kinacholeta ukakasi, inashikana na protini ya nyama. Wenyewe kule baridi ikikaza wanakula cassoulet, maharage meupe yamepikwa polepole na soseji, nguruwe na bata, yaani mlo wangu huu huu wa jina, wanashushia na hizo. Bei yake huwa haitishi kwa sababu watu hawazijui.

Mzee wa Mapipa
Kweli kabisa ila Madiran changa kwa mgeni ni kamari. Cahors sawa.

MwanaUnyanyembe
Shemeji kajibu sasa hivi, Côtes du Rhône Villages hamna, kaona Minervois asilimia 14 na Cahors, zote chini ya 60. Nimemwambia achukue Minervois 1 na Cahors 2. Nifungue ipi kwanza?

Kitimoto na Maharage
Minervois kwanza wakati nyama choma inatoka vipande vipande. Cahors imimine kwenye jagi saa nzima kabla, ipate hewa, uitoe pamoja na rosti.