Naomba ushauri: springi za trela yangu ndogo ya shaba hazichezi hata kidogo

Mfua_Shaba_Kampemba
Wazee wangu na ndugu zangu, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Ninaunda trela ya mfano kwa kipimo cha 1 kwa 14, nikifuata zile za ekseli tatu zinazobeba kathodi, yaani mabamba ya shaba iliyosafishwa, kutoka Kolwezi na Likasi kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Trela halisi ya mita 13.6 imenipa urefu wa sentimita 97, na upana wa mita 2.5 umenipa sentimita 18. Chesisi nimeikunja kwa bamba la shaba nyekundu lenye unene wa milimita 2, kwa sababu hilo ndilo madini ya kwetu na mkono wangu umelizoea.

Shida ni springi. Nilipima za trela halisi iliyokuwa gereji, nikagawanya kila kipimo kwa 14, nikapata majani saba kwa kila springi, kila jani likiwa na unene wa karibu milimita 1, na la juu urefu wa sentimita 7. Nimeyakata kwa chuma cha springi na kuyafunga kwa yu-bolti nilizozichonga mwenyewe. Sasa hata nikiiegemea trela kwa viganja viwili, haishuki. Nifanyeje ili zilainike? Naomba msaada wa haraka, kwa kuwa kazi hii ina siku yake.

Chukudu_Goma
Ndugu, mimi ningeiunda kwa mbao. Huku Goma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, linabeba viazi na makaa, mamia ya kilo, juu ya mawe ya volkano, na hakuna aliyewahi kuuliza habari za kipimo cha springi. Magurudumu tunayavika mpira, na huo mpira ndio unaomeza mtikisiko. Shaba iache kwa mapambo.

Dereva_wa_Kasumbalesa
Kijana, nimeendesha barabara hiyo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nakuambia kwamba trela tupu haichezi, inaruka. Springi zake zimepangwa kwa ajili ya mzigo. Nilipokuwa nikirudi bila mzigo nilikuwa nasikia kila shimo mgongoni, lakini nikiwa na tani 30 nyuma yangu nilisafiri kwa utulivu. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia springi, tuambie trela hii itabeba nini.

Mwalimu_Bukavu
Papa Dereva ameuliza swali lililo sahihi, nami naongeza hesabu yake. Ukigawanya vipimo vyote kwa 14, uzito hupungua kwa 14 mara 14 mara 14, yaani mara 2,744. Mzigo wa tani 30 unabaki kilo 11 hivi. Ugumu wa springi haupungui kiasi hicho. Upana mdogo unaugawanya kwa 14, unene mdogo unaugawanya kwa 2,744, lakini ufupi wa springi unaurudishia hiyo 2,744 yote, kwa hiyo mwishowe ugumu umepungua mara 14 tu. Maana yake ni kwamba springi iliyonakiliwa kwa uaminifu kabisa huwa ngumu mara 14 kuliko inavyohitajika. Hukuharibu kitu, ni maumbile ya vipimo. Dawa iko kwenye unene: jani lenye nusu ya unene ni laini mara 8. Lakini siwezi kukutajia unene mpaka utaje mzigo.

Mfua_Shaba_Kampemba
Mwalimu, nakushukuru sana, sijawahi kuelezwa jambo hili kwa uwazi namna hiyo. Mzigo si mkubwa. Trela ni ya kuonyeshwa kwenye sherehe. Nijulisheni tu aina ya chuma chembamba kinachofaa.

Fundi_Kamalondo
Chuma kinapatikana bure. Tafuta mikanda ya chuma inayofungia vifurushi vya kathodi. Hukatwa na kutupwa kila mzigo unapofunguliwa. Kuna yenye unene wa nusu milimita, nayo ina ukakamavu wa kutosha.

Mimi nina wasiwasi na chesisi kuliko springi. Umeunga kwa kitu gani? Shaba nyekundu inapitisha joto haraka mno, na ukiunga kona moja, kona ya jirani inafunguka. Tena shaba hupata ugumu kwa kufuliwa ikiwa baridi. Ukiipasha moto hadi iwe nyekundu, kama inavyotakiwa ukiunga kwa madini ya fedha, inarudi kuwa laini, na kazi yote ya nyundo imepotea. Chesisi ya trela halisi ni ya chuma, nayo ina sababu.

Mfua_Shaba_Kampemba
Fundi, nimeunga kwa risasi na bati, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi, kwa hiyo shaba haikulainika. Kuhusu chuma, siwezi kubadilisha. Chesisi imekwisha kukatwa na kuunganishwa, na aliyeniagiza alitaka shaba.

Mama_wa_Ruashi
Kumbe kuna aliyekuagiza. Mwanangu, umepokea pesa ya mtu? Ni nani huyo, na kwa nini onyesho la siku moja linahitaji springi zinazoshuka? Kitu cha kukaa mezani hakiulizwi kama kinashuka.

Yaya_Katuba
Mmenikumbusha magari ya waya tuliyounda tukiwa watoto hapa Katuba, magurudumu yakikatwa kwenye ndala zilizochakaa, na usukani mrefu wa kuongozea tukiwa tumesimama. Kaka yangu aliwahi kuweka springi za waya uliosokotwa chini ya lori lake, nalo likapita kwenye mifereji bila kumwaga mchanga. Mtaa mzima ulikuja kuangalia. Endelea, ndugu, kazi yako ina heshima.

Dereva_wa_Kasumbalesa
Narudia swali langu, na Mama amelitia nguvu. Itabeba nini?

Mfua_Shaba_Kampemba
Sawa, wazee wangu, naeleza. Kazi ni ya mzee mmoja aliyekuwa msafirishaji, ambaye familia yake inamfanyia sherehe ya kustaafu. Amelipa nusu. Anataka trela iingie ukumbini ikivutwa kwa kamba na kichwa chake cha mbao, na mjukuu wake wa miaka minne aketi juu yake. Ndiyo maana nataka springi laini, mtoto asitikisike. Sakafu ya ukumbi ni ya saruji iliyosawazishwa, mjomba wake atavuta polepole, na mtoto atakunja miguu. Nimeshamwahidi mzee, na sioni hatari iliyopo ikiwa springi zitakuwa nzuri.

Mwalimu_Bukavu
Hili lilipaswa kuwa mstari wa kwanza wa uzi. Kilo 11 za kathodi na kilo 16 za mtoto ni mizigo miwili tofauti, wala si kwa sababu ya uzito peke yake. Shaba ni nzito hata tani 30 hazifiki mita nne za ujazo. Ukizitandaza kwenye sakafu ya trela halisi, unene wake ungekuwa kama sentimita 10. Mzigo huo unakaa chini. Mtoto aliyeketi, uzito wake umekusanyika tumboni, karibu sentimita 30 juu ya saruji, ilhali kutoka katikati ya trela hadi ukingo wa tairi una sentimita 9 tu. Akigeuka kumtazama bibi yake, trela inalala. Na kadiri utakavyolainisha springi ndivyo itakavyoinama zaidi kabla ya kupinduka. Zile springi zako ngumu, ambazo umekuja kuzilalamikia, ndizo ambazo zingemfaa zaidi.

Mama_wa_Ruashi
Na hiyo risasi uliyoungia, je? Mtoto atashika, kisha atatia vidole mdomoni. Risasi ni sumu, na kwa mtoto mdogo ni mbaya zaidi.

Mfua_Shaba_Kampemba
Mama, nitapaka vanishi kila kiungo. Mwalimu, ninaweza kuongeza vigurudumu viwili vya pembeni.

Fundi_Kamalondo
Vigurudumu vya pembeni vitaifanya isifanane tena na trela, na kufanana ndiko mzee anakolipia. Vanishi nayo hutoka kwa kusuguliwa.

Mpenda_Ukweli_Lushi
Samahani kwa kuingilia. Nimesoma uzi wote na siamini kwamba trela hii ipo. Kwanza ilikuwa ya maonyesho, kisha ikapata mwenyewe, kisha ikapata mjukuu. Sakafu ya shaba ya sentimita 97 kwa 18, hata ikiwa na unene wa milimita 1 tu, ina kilo moja na nusu peke yake, na bado kuna chesisi. Ndugu, taja uzito wa trela yako, kwa maana mtu aliyeibeba mikononi lazima aujue.

Chukudu_Goma
Hata mimi nilishangaa kuona hakuna picha.

Mfua_Shaba_Kampemba
Chesisi bila ekseli ina kilo mbili. Niliipima kwenye mizani ya muuza unga sokoni. Mihimili miwili ya urefu ni mabamba ya upana wa sentimita 4 niliyoyakunja kuwa na umbo la mfereji, na kila mmoja unakaribia gramu 700. Zinazobaki ni nondo saba za kukatiza. Sakafu haikuwa ya shaba wakati wowote. Ni mbao za mkangazi, kama trela nyingi za zamani zilivyokuwa na mbao. Pini ya kuunganishia kichwa ina milimita 3.6, kwa sababu ile halisi ni ya inchi 2. Sipigi picha kwa sababu mzee ana watoto wanaosoma humu, na kazi ni ya kumshtukiza kila mtu isipokuwa yeye.

Fundi_Kamalondo
Nimepiga hesabu ya mihimili hiyo na inakubali. Ndugu Mpenda Ukweli, mtu wa kutunga asingejua pini ya inchi 2. Tuendelee na kazi. Mfua Shaba, toa risasi yote, toboa viungo, upige riveti za shaba. Riveti hupigwa baridi, shaba inabaki ngumu, na chesisi itaonekana kama ya kweli zaidi.

Mfua_Shaba_Kampemba
Riveti nakubali, na nitaanza leo. Kuhusu mtoto, nitakwenda kwa mzee nimpendekezee mjukuu ashike kamba mwenyewe, na juu ya trela tufunge mabamba ya shaba ya kilo 11 yaliyofungwa kama kathodi. Nadhani atapenda, ingawa atasema niliahidi. Ikiwa atakubali, nitumie jani moja la nusu milimita au mawili?

Mwalimu_Bukavu
Mawili, yenye upana wa milimita 6. Sehemu ya mzigo inaegemea kwenye pini, kwa hiyo kila springi inapata kilo moja na kidogo, nayo itashuka milimita tatu hadi nne. Jani moja lingeshuka maradufu, na chuma cha mkanda kingekaribia kupinda moja kwa moja. Majani matano yaliyobaki yachonge kwa plastiki ngumu, yawe ya kuonekana tu.

Dereva_wa_Kasumbalesa
Na ncha za springi usizifunge pande zote mbili. Springi ikishuka inarefuka, kwa hiyo ncha zake ziache ziteleze ndani ya vishikio, na ekseli uishike kwa fimbo zake. Katikati ya ekseli weka ile mikono ya kusawazisha, moja kati ya ya kwanza na ya pili, nyingine kati ya ya pili na ya tatu, la sivyo gurudumu moja litabeba na mengine yataning'inia.