Tupeane uzoefu: Kituo cha kumpima mgonjwa kutoka kichwani hadi miguuni, alama zinapotelea wapi?

Wakuu, wanafunzi wengi wa uuguzi wako wiki za mwisho kabla ya OSCE (mtihani wa vitendo, unahama kituo hadi kituo mbele ya mtahini), na kituo kinachowanyima usingizi ni cha kumpima mgonjwa mwili mzima. Mwenye kuijua sehemu yake aiweke hapa: unashika wapi, unahesabu sekunde ngapi, kitu gani huharibika na kwa nini. Habari za nani alifaulu mwaka gani tuziweke pembeni.

Naanza na kuingia. Mikono kwanza: ukitumia kitakasa mikono, sugua sekunde 20 hadi 30, ukitumia maji na sabuni, 40 hadi 60. Msalimie mgonjwa kama unavyosalimia watu. Aliyekuzidi umri apewe shikamoo yake, useme jina lako na kwamba ni mwanafunzi. Halafu muulize, "Naomba uniambie majina yako kamili," ulinganishe na faili. Usimuulize, "Wewe ndiye mama fulani?" Mgonjwa aliyechanganyikiwa au asiyesikia vizuri ataitikia jina lolote. Eleza utakachofanya, omba ridhaa, kisha subiri ajibu. Wengi huomba ridhaa huku mkono umeshafika kwenye vifungo vya shati, na mtahini anaona.

Muulize kama anataka kwenda kujisaidia haja ndogo kabla hajalala. Kibofu kilichojaa kinapandisha presha na kinakudanganya unapopapasa tumbo la chini. Vuta pazia, na khanga au shuka ifunue sehemu unayoipima tu.

Mwalimu wa maabara ya ujuzi

Niongezee kuhusu stetoskopu, maana dakika zinaliwa hapo bure. Ncha za masikioni zielekee mbele, upande wa pua, kwa sababu njia ya sikio imelala hivyo. Ukizigeuza utasikia kwa mbali na utadhani mgonjwa hana sauti. Kama kichwa cha stetoskopu kina pande mbili, kigonge kwa kidole kabla hujamwekea mgonjwa. Usiposikia mlio huo, upande mwingine ndio uliofunguka, hivyo zungusha shingo ya kichwa hicho. Upande mpana ubonyeze vizuri kwenye ngozi, unachukua sauti kali. Upande wa kengele uguse tu, unachukua sauti nzito. Ukiukandamiza kengele, ngozi inakazika na unafanya kazi ya upande mpana.

Usisikilize juu ya nguo. Kitambaa kinachakacha na mchakacho huo unafanana sana na sauti za mapafu yenye maji.

Kwenye moyo, msikisie nafasi za mbavu kwa macho. Pitisha kidole kutoka shimo la koo ushuke kwenye mfupa wa kidari, sentimita 5 hivi, utagusa kinundu kilicholala kwa upana. Ubavu unaoungana hapo ni wa pili, na nafasi iliyo chini yake ndiyo nafasi ya pili. Kulia kwa kidari unasikiliza vali (mlango wa moyo) ya aota, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni, kushoto ni ya mshipa wa mapafu. Shuka hadi nafasi ya nne kushoto, karibu na kidari: vali ya trikuspidi. Nafasi ya tano, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga: vali ya mitrali, na hapo ndipo unapohesabu mapigo kwa sekunde 60 kamili.

Mapafu ya nyuma: mgonjwa akae, akumbatie mabega yake mwenyewe ili mifupa ya mabega iachane, apumue kwa mdomo. Sikiliza kushoto, kisha kulia, kiwango kilekile, ndipo ushuke. Anayemaliza upande mmoja wote kwanza hana cha kulinganisha. Kila sehemu ipate pumzi moja nzima, kuingia na kutoka, na umpumzishe akianza kuona kizunguzungu.

Muuguzi, kliniki ya presha

Kwenye kupima presha, mgonjwa apumzike dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, miguu haijapishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mkono ukining'inia, namba inapanda. Mkanda wa kipimo ukiwa mdogo kwa mkono mnene, namba inapanda pia: mpira wa ndani uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Ukingo wa chini uwe sentimita 2 hadi 3 juu ya kunjo la kiwiko.

Hatua inayorukwa ni ya kupapasa. Shika mapigo ya kifundo cha mkono, jaza upepo hadi yapotee, isome namba, toa upepo wote, subiri nusu dakika. Sasa weka stetoskopu, jaza hadi 30 juu ya namba ile, kisha shusha polepole, milimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Sababu ni hii: kwa baadhi ya wenye presha ya juu, sauti huanza, zikapotea katikati, zikarudi tena chini. Asiyepapasa anaweza kuanzia kwenye ukimya huo, akaandika 150 kwa mtu mwenye 190. Ukimweleza mtahini sababu hiyo kwa sentensi moja, ameshaelewa kwamba hukukariri.

Sista, wodi ya watoto

Kupumua kuhesabiwe dakika nzima, na mgonjwa asiambiwe. Kwa mtu mzima, ukimaliza kuhesabu mapigo usiachie mkono. Hamishia macho kifuani uendelee kuhesabu. Mtu akijua anahesabiwa pumzi, anabadilisha. Mtoto ahesabiwe akiwa ametulia, kabla hujamgusa kwa kitu chochote. Anapumua haraka akifika 60 na zaidi kama hajafikisha miezi 2. 50 na zaidi kuanzia miezi 2 hadi 11. 40 na zaidi kuanzia mwaka mmoja hadi mitano.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni: futa rangi ya kucha, chagua kidole kisicho na hina nyeusi, na kama vidole ni vya baridi visugue kwanza. Namba isiyolingana na hali ya mgonjwa irudiwe kidole kingine kabla hujaiandika.

Muuguzi, wodi ya wanaume

Naomba tukae kidogo kwenye ngozi. Picha nyingi za vitabuni ni za ngozi nyeupe, na mwanafunzi anaandika "hakuna wekundu" kwa mgonjwa mweusi ambaye wekundu wake usingeonekana kwa namna ile. Upungufu wa damu utafute ndani ya kope la chini, kwenye ulimi na viganjani, ukilinganisha na kiganja chako. Ubluu wa kukosa oksijeni utafute kwenye ulimi na ndani ya midomo. Manjano yatazamwe kwenye weupe wa jicho karibu na dirisha, maana taa zingine zinatia umanjano wake. Wengi wetu tuna ukahawia wa kawaida kwenye kona za jicho. Manjano ya ugonjwa yanaenea hadi kwenye ukingo wa mboni, na angalia pia chini ya ulimi.

Kidonda cha kulalia kinachoanza, tumia mgongo wa mkono: sehemu ya juu ya makalio na visigino, linganisha joto na ugumu na ngozi ya jirani. Uvimbe wa miguu, bonyeza juu ya mfupa wa muundi kwa sekunde 5, achia, pima kina cha shimo uandike daraja lake: milimita 2 ni 1+, 4 ni 2+, 6 ni 3+, 8 ni 4+. Pima miguu yote miwili.

Mwalimu wa maabara ya ujuzi

Tumbo halijaguswa. Mwili mwingine wote mpangilio ni kutazama, kupapasa, kugonga, kusikiliza. Tumboni ni kutazama, kusikiliza, kugonga, na kupapasa mwisho, kwa sababu mkono ukishatangulia matumbo yanachokozeka na sauti ulizokuja kuzisikiliza zinabadilika. Uoga ukizidi, mkono unakimbilia kupapasa. Dawa yake ni kuacha stetoskopu shingoni unapofika tumboni, usiirudishe kwenye trei.

Mgonjwa alale chali, mikono ubavuni, magoti yakunjwe kidogo ili misuli ilegee. Muulize wapi panauma, hapo pawe pa mwisho. Anza kusikiliza chini kulia. Sauti za kawaida ni 5 hadi 30 kwa dakika, na hairuhusiwi kusema hazipo kabla ya kusikiliza dakika 5 nzima. Papasa juujuu sentimita 1 pande zote nne, ndipo uzame. Macho yawe usoni kwa mgonjwa, kwa sababu atakunja uso kabla hajasema "aah". Ini na bandama vyote anza chini kulia: ini ukipanda moja kwa moja, bandama ukielekea kimshazari juu kushoto. Bandama kubwa sana ya malaria ya muda mrefu au kichocho inaweza kuvuka kitovu. Ukianza karibu na mbavu utakuwa umeshaweka mkono juu yake bila kujua.

Mkunga

Kama kituo ni cha mjamzito, mama akojoe kwanza, na asiachwe chali muda mrefu, kwani mfuko wa uzazi unalalia mshipa mkubwa wa damu na atasikia kuzirai. Kuanzia wiki 20, sentimita kutoka mfupa wa kinena hadi juu ya mfuko zinakaribiana na wiki, tofauti ya 2. Geuza futi kamba namba zitazame chini, usome ukimaliza kupima, la sivyo mkono utavuta kwenda kwenye namba unayoitarajia. Ukisikiliza moyo wa mtoto kwa fetoskopu (chombo cha kuusikilizia kupitia tumbo la mama), shika mapigo ya mama wakati huohuo. Mapigo ya mtoto ni 110 hadi 160 kwa dakika. Yakienda sawasawa na ya kifundo cha mkono wa mama, unamsikiliza mama.

Muuguzi, wodi ya wanaume

Mazoezi yawe ya watu watatu: mmoja mgonjwa, mmoja mpimaji, mmoja ameshika orodha ya alama na saa. Mpimaji aseme kwa sauti anachokiona huku mkono unafanya, kwani mtahini hawezi kutia alama kwenye wazo. Kucha fupi, mikono ipashwe joto. Na kwenye karatasi neno "kawaida" lisisimame peke yake. Andika hivi: "Tumbo bapa, halina kovu, sauti za matumbo 12 kwa dakika, laini, halina maumivu, ini na bandama havishikiki."