Mwimbaji wetu amefariki. Tuendelee na bendi au tuiache ipumzike naye?

GitaaZito (mleta mada)

Wakuu, salamu kwenu. Nina jambo linaloninyima usingizi, naomba ushauri wa waliowahi kuwa kwenye bendi au wanaoufuatilia muziki huu kwa moyo.

Tulikuwa watu wanne, tunapiga roki. Mimi gitaa la solo, mwenzangu besi, mwingine dramu, na mwimbaji wetu ambaye pia alishika gitaa la kusindikiza. Mwimbaji ametutoka miezi michache iliyopita, ghafla. Maneno ya nyimbo zetu karibu zote ni yake. Hata jina la bendi alilibuni yeye.

Majuzi tulikutana kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Tulianza wimbo mmoja bila kuimba, tulipofika kwenye kiitikio mpiga dramu akaweka vijiti chini akatoka nje. Hakurudi. Tangu hapo tumegawanyika. Yeye anasema bendi ilikufa siku ileile, na kumweka mtu mwingine kwenye maiki ni kumfuta marehemu. Mpiga besi anasema kuacha ndiko kumfuta, maana nyimbo zisipopigwa zitasahaulika. Kila nikimsikiliza mmoja naona ana hoja.

Na kuna dada mmoja aliyekuwa akija sana kwenye shoo zetu, anaimba vizuri, amesema yuko tayari kujaribu. Sauti yake haifanani hata kidogo na ya marehemu. Sijui kama hiyo ni heri au ni tatizo.

Tuendelee? Kwa jina lilelile? Nyimbo zake aziimbe mtu mwingine? Na mama yake tumwambie kabla au baada?

SautiYaJuu

Poleni sana, mkuu. Mimi nasema endeleeni. Bendi ya AC/DC walimpoteza mwimbaji wao Bon Scott Februari 1980. Julai ya mwaka huohuo wakatoa albamu ya Back in Black wakiwa na mwimbaji mpya, Brian Johnson, jalada jeusi kwa ajili ya maombolezo, na wimbo wa kwanza unaanza kwa mlio wa kengele. Ni miongoni mwa albamu zilizouzwa kwa wingi kuliko zote duniani. Na wengi waliompenda Scott baadaye walifika kwake kupitia albamu hiyo.

RifuMojaTu

Naheshimu mchango wa hapo juu, ila mfano wa AC/DC hutolewa kila mara na huwapotosha watu. Tazameni bendi ile ilivyojengwa. Malcolm na Angus Young, ndugu wa damu, ndio waliokuwa wakitunga zile rifu, yaani vipande vya gitaa vinavyojirudia na kuubeba wimbo. Scott alikuwa mwandishi hodari wa maneno, lakini alipoondoka, upande wa muziki ulibaki mzima, na Johnson akaja akaandika maneno pamoja na hao ndugu wawili.

Sasa tazama The Doors. Mwimbaji wao Jim Morrison alifariki Paris, Julai 1971. Wenzake watatu wakaendelea, Ray Manzarek na Robby Krieger wakashika uimbaji, wakatoa albamu mbili, na 1973 wakaachana. Walikuwa wanamuziki wakubwa, hakuna anayebisha. Kilichokosekana ni yale maneno, pamoja na mtu wa kuyasema. Nirvana hawakujaribu kabisa baada ya kifo cha mwimbaji wao Kurt Cobain 1994. Dave Grohl, aliyekuwa mpiga dramu wao, akashika gitaa na maiki, akaanzisha Foo Fighters kwa nyimbo zake mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani ataimba, mleta mada, jiulizeni nyimbo zilikuwa zinatoka wapi. Mkikaa chumbani nyinyi watatu, kuna kitu kinazaliwa?

DadaWaMaiki

Pole kaka. Mimi nimewahi kuwa upande ambao hausikiki sana kwenye mijadala hii: nilichukuliwa kuziba nafasi ya mwimbaji aliyefariki. Nakueleza yaliyonikuta ili huyo dada asiyapitie.

Wengi hudhani shida ni mashabiki. Kwangu haikuwa hivyo, wengi walikuja wakiwa tayari kulia na kuimba nami. Shida ilikuwa mazoezini. Kila mstari niliouimba alikuwepo wa kuniambia "hapa yeye alikuwa anavuta", "hapa alikuwa ananyamaza kidogo". Hawakuwa na nia mbaya, walikuwa wanamkumbuka mwenzao. Lakini nikajikuta namsikiliza mtu ambaye hayupo badala ya kuisikiliza bendi iliyo nyuma yangu. Sauti ikawa inakauka mapema kwa sababu nililazimisha mkwaruzo ambao koo langu halina. Na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi nina nyimbo gani. Nilikuwa na daftari zima.

Tuliachana kwa amani na simlaumu mtu, walikuwa kwenye majonzi. Ila mkimchukua huyo dada, mwanzieni na wimbo mpya, ambao marehemu hakuwahi kuugusa. Auandike yeye au mwandike pamoja. Mkishaona kwamba mnaweza kutengeneza kitu naye, ndipo mzirudie nyimbo za zamani. Mkianza na za zamani, atakuwa kama mpangaji kwenye nyumba ambayo vyombo vya mwenyewe havijatolewa.

Na hilo la sauti kutofanana, mimi naliona ni heri kubwa. Anayefanana hupimwa kwa kila noti.

Mwangwi80

Naungana na dada hapo juu, na ningependa kuligusa suala la jina kwa sababu naona watu wanalipita haraka.

Joy Division walikuwa wamekubaliana mapema kwamba mmoja wao akiondoka, jina halitatumika tena. Mwimbaji wao Ian Curtis akafariki Mei 1980, siku moja kabla ya bendi kuelekea Marekani kwa ziara yake ya kwanza huko. Waliobaki walitimiza ahadi. Wakajiita New Order, wakajaribu kuimba mmoja baada ya mwingine mpaka Bernard Sumner akabaki na maiki, Gillian Gilbert akaingia kwenye kinanda na gitaa. Miaka mitatu baadaye walitoa Blue Monday, wimbo ambao nina hakika usingezaliwa chini ya jina la zamani, kwa sababu kila mtu angekuwa anasubiri wasikike kama Joy Division. Jina jipya liliwapa ruhusa ya kuanza vibaya. Ukisikiliza kazi zao za mwanzo unawasikia wakipapasa gizani, na hakuna aliyewaambia wanaliharibu jina la Curtis.

Baadaye sana walianza tena kupiga baadhi ya nyimbo za Joy Division jukwaani, na watu walifurahi. Kubadili jina hakukuwazuia kumkumbuka.

SautiYaJuu

Mwangwi80, hilo la kuruhusiwa kuanza vibaya sikuwa nimelifikiria. Bado nasema waendelee, ila kuhusu jina umenifanya niwaze upya.

HakiYaMtunzi

Poleni. Nitaongea ya karatasi, kwa sababu msiba ukishapoa haya ndiyo huwagombanisha watu waliokuwa wanapendana.

Maneno ya nyimbo aliyoandika marehemu ni mali ya warithi wake sasa. Mkataba wa Berne wa kulinda haki za watunzi, ambao nchi nyingi zimeuridhia, unaweka ulinzi usiopungua miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na nchi nyingi zimekwenda hadi 70. Mkirekodi upya nyimbo zake na dada huyo, mirabaha ya utunzi ina sehemu ya familia. Andikeni mapema nani alitunga nini, wimbo kwa wimbo, mkiwa bado mnasikilizana.

Jina nalo si la aliyebaki na funguo za chumba cha mazoezi. Manzarek na Krieger walipozunguka tena miaka ya 2000 wakitumia jina la The Doors, mpiga dramu wao John Densmore aliwashitaki, familia ya Morrison ikasimama upande wake, na mwaka 2005 mahakama ya California ikawazuia. Bendi ya Sublime nao, mwimbaji wao Bradley Nowell alifariki 1996. Wenzake waliporudi 2009 na mwimbaji mwingine, familia ikaweka pingamizi mahakamani, ikabidi wajiite Sublime with Rome. Sasa tangu 2023 anayeimba Sublime ni mtoto wa Nowell mwenyewe, Jakob.

Kwa hiyo mama mwambieni KABLA. Na msiende kumpa taarifa, nendeni kumwomba. Inasemekana wazazi wa Bon Scott ndio waliowatia moyo wenzake waendelee. Huo mfano wa AC/DC una mlango huo ambao watu huusahau.

GitaaZito

Nashukuruni sana, nimesoma kila neno na nimempelekea mpiga besi asome.

RifuMojaTu, swali lako limenikaa. Rifu nyingi ni zangu na za mpiga besi, maneno na melodi ni za marehemu. Sisi watatu tukikaa, muziki unatoka, lakini unabaki bila mdomo. Mpiga dramu bado hapokei simu zangu, anajibu ujumbe tu kwa kifupi. Hilo ndilo linaniuma kuliko yote. Kumpoteza mmoja kisha tukampoteza na wa pili kwa ajili ya mjadala huu, sitaki.

NotiTatu

Mpiga dramu wako hajakosea, na nyinyi hamjakosea. Inawezekana kabisa mmoja akabaki nje bila uadui. Queen walimpoteza mwimbaji wao Freddie Mercury Novemba 1991. John Deacon, mpiga besi, alistaafu 1997 na hakurudi. Brian May na Roger Taylor wakaendelea bila yeye, kwanza na Paul Rodgers, kisha na Adam Lambert, na kila mara jina la mwimbaji likaandikwa pembeni: Queen + Adam Lambert. Ile alama ya kujumlisha naipenda sana. Inamwambia msikilizaji waziwazi kwamba huyu ni mgeni anayeheshimiwa, hajaja kuwa Freddie.

Linkin Park vilevile. Mwimbaji wao Chester Bennington alifariki Julai 2017, wakakaa kimya miaka saba, 2024 wakarudi na Emily Armstrong. Mwanamke, sauti tofauti. Mpiga dramu Rob Bourdon hakurudi nao. Kuna mashabiki waliokataa na wengine wakakubali, na hilo litawakuta nanyi hata mkiwa na wasikilizaji wachache.

Ila wanaonigusa zaidi ni Alice in Chains. Mwimbaji wao Layne Staley alifariki Aprili 2002. William DuVall aliingia 2006, albamu mpya ikaja 2009. Uimbaji wao tangu zamani ulikuwa wa sauti mbili zilizopishana, ya Staley na ya mpiga gitaa Jerry Cantrell, na moja kati ya hizo mbili ilikuwa bado hai. Cantrell akabeba sehemu kubwa, DuVall akaingia kando yake, hivyo hakuna aliyeachiwa mzigo wote peke yake. Wewe GitaaZito, au mpiga besi, huwa mnaitikia? Kama mnaitikia, anzeni kuimba kidogo zaidi. Huyo dada asisimame peke yake mbele.

FundiMitambo

Niongeze la kiufundi, maana limeachwa. Sauti ya kike kwenye nyimbo zilizotungwa kwa sauti ya kiume, msimlazimishe abaki kwenye ufunguo uleule kwa sababu tu rifu inakaa vizuri kwenye nyuzi wazi. Tafuteni ufunguo wake kwanza, kisha wewe wa gitaa uhangaike: weka kapo (kibanio cha nyuzi kwenye shingo ya gitaa), shusha nyuzi, au tafuta namna nyingine ya kuishika ile rifu. Bendi ya Iron Maiden walimchukua Blaze Bayley 1994, sauti yake iko chini kuliko ya mwimbaji aliyemtangulia, Bruce Dickinson, na bado alitakiwa kupanda kwenye nyimbo za Dickinson kila usiku. Alilaumiwa yeye. Kufikia 1999 Dickinson alikuwa amerudi. Mimi huwa naona Bayley hakutendewa haki na wasikilizaji, kwani alizotunga kwa sauti yake zinasikika vizuri tu.

GitaaZito

Leo nimezungumza na mpiga dramu ana kwa ana. Nimemwambia hatutalitumia jina bila yeye kuridhia na bila mama kuridhia. Amekaa kimya muda mrefu, kisha akasema kama ni jina jipya na nyimbo mpya atakuja kusikiliza, kupiga hajaahidi. Kwangu hiyo inatosha kwa sasa. Jumamosi tunakwenda kwa mama sote watatu. Huyo dada nimemwomba alete nyimbo zake, si kuja kuimba zetu. Amefurahi mpaka nikashangaa.

Jambo moja la mwisho. Kwenye kompyuta yangu kuna nyimbo kadhaa ambazo marehemu alikuwa amesharekodi sauti, muziki haujakamilika. Tuzimalize?

FundiMitambo

Kabla ya kuamua lolote, nakili yale mafaili ghafi, kila traki peke yake, kwenye diski mbili tofauti, na moja isikae nyumbani kwako. Fanya leo. Usisafishe sauti, usikate pumzi wala kikohozi.

NotiTatu

Queen walifanya hivyo na albamu ya Made in Heaven, iliyotoka 1995, wakijenga muziki juu ya sauti alizoacha Mercury, na Deacon alikuwepo. Mimi ningezimaliza, na ningezitoa kwa jina la zamani, kama kazi ya mwisho ya bendi ile. Hapo ndipo mpiga dramu wako anaweza kukubali kushika vijiti kwanza, kwa sababu atakuwa bado anampigia rafiki yake. Ila Jumamosi mpelekeeni mama azisikie kwanza, na akisema zisitoke, zisitoke.

GitaaZito

Sawa mkuu. Nanakili sasa hivi. Nitaleta mrejesho baada ya Jumamosi.