Bastola mpya inakwama kila magazini, kiwanda kinasema nimalize risasi 500 kwanza ndipo nilalamike

Wakuu, nimevumilia imetosha. Leo natema nyongo hapa, na mods naomba msiuunganishe huu uzi na zile nyuzi za "bastola gani nzuri kwa anayeanza". Mimi sitafuti cha kununua. Nimeshanunua, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Niko Houston, Texas. Kazi yangu ni ulinzi wa usiku, lindo la silaha, na kampuni yetu haigawi silaha: kila mlinzi anajinunulia yake. Miaka yote nimetumia Glock 19 niliyoinunua mkononi mwa mtu, imechubuka kila kona, haijawahi kuniangusha. Nikaona niongeze mpya, inayobeba risasi 17 badala ya 15, yenye sehemu ya kufunga kilengeo cha nukta nyekundu bila kuipeleka kwa fundi kukata chuma. Bei yake dola mia sita na kitu kabla ya kodi. Jina la kiwanda silitaji, msinifuate PM kuniuliza. Ni kiwanda kikubwa, si cha uchochoroni, hilo linatosha.

Nisiwe mnafiki, mkononi ni tamu. Kitako kimekaa sawasawa na kiganja, triga inavutika laini na inakatika pale pale unapotarajia, na ukiinyanyua jicho linaangukia kwenye vilengeo bila kutafuta. Dukani niliikoki nikasema huu ndio mguu wa kuku sasa. Nyumbani nikaifungua, nikafuta yale mafuta mazito yanayowekwa kiwandani ili isipate kutu ghalani, nikapaka mafuta mepesi kwenye reli za slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila ukipiga) pale palipochorwa kwenye kitabu cha maelekezo. Nayasema haya mapema kwa sababu najua kuna mtu tayari anaandika "mkuu uliisafisha?" Niliisafisha.

Uwanjani sikumaliza magazini ya kwanza. Pa, pa, kisha kimya. Natazama, ganda tupu limesimama wima kwenye dirisha la kutolea maganda, mdomo juu, slaidi imelibana kiunoni. Nikachomoa magazini, nikakoki, ganda likadondoka, nikaendelea. Magazini hiyo hiyo ikaja na ugonjwa wa pili: risasi inapanda kutoka kwenye magazini, inaingia nusu kwenye chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inapokaa ikisubiri kupigwa, slaidi inagoma kufunga. Inabaki nyuma milimita tatu hivi. Unavuta triga, hakuna kitu, na kwa kweli isifyatuke ndio salama, maana bastola ya namna hii imeundwa isifyatue mpaka slaidi ifunge kabisa. Lakini nifikirie mimi, saa nane usiku kwenye maegesho ya magari, mtu ananijia, na mimi niko bize kusukuma slaidi kwa kidole gumba.

Sasa kabla wataalamu wa kibodi hamjafika na "unaishika kilegevu". Najua hilo jambo lipo. Bastola ya kujipakia yenyewe inatumia nguvu ya risasi kurudisha slaidi nyuma, na mkono ukilegea, bastola nzima inarudi pamoja na slaidi, nguvu inapotea, ganda halitoki vizuri. Ndiyo maana nilimwita mkufunzi wa pale uwanjani, mzee aliyefundisha polisi, nikampa apige yeye. Ikamkwamia. Akabadilisha magazini, ikamkwamia. Tukatoka kwenye risasi za grein 115 (ndio uzito wa kichwa cha risasi) tukaweka nzito kidogo za grein 124, za kiwandani, ganda la shaba, si zile za chuma za bei poa. Ikapunguza kidogo, halafu ikarudia. Nikachukua Glock yangu ya zamani, chafu, nikaijaza kutoka kwenye boksi lile lile, nikaimaliza bila kikohozi. Kwa hiyo si mkono, si risasi, si magazini. Mzee akaifungua, akapitisha ukucha kwenye ule mteremko risasi inapopandia kuingia chemba, akaniambia na mimi nipitishe. Ukucha unakwaruza. Unahisi kabisa mistari ya mashine, chuma hakijasuguliwa. Vilevile kilengeo cha mbele kimekaa upande, si sana, ila ukiangalia kwa juu unaona.

Yaani chuma cha dola mia sita kimetoka kiwandani hakijamaliziwa.

Nikarudi dukani. Jamaa aliyeniuzia, yule aliyekuwa ananiita "rafiki yangu" wakati natoa kadi ya benki, akanionyesha kibao ukutani: mauzo yote ya silaha ni ya mwisho. Hapa Marekani ukishajaza ile fomu 4473 ya serikali kuu ya kununulia silaha, duka likapiga simu FBI kwenye mfumo wa NICS kukukagua, ukapitishwa na ukatoka na mzigo, silaha imeshaandikwa kwa jina lako kwenye daftari lao. Wakiipokea tena wanaiandika upya, na inauzwa kama iliyotumika. Kwa hiyo hakuna duka linalotaka kuirudisha, hata kama hujatoka nje ya geti. Kasi ya kukuuzia ni ya ajabu. Mimi na green card yangu nilisubiri muda mfupi kuliko ninavyosubiri kunyoa nywele. Wenzetu nyumbani mnaoanzia serikali ya mtaa na kupanda ngazi moja moja mpaka mkapate kibali mtanionea wivu. Subirini niwaeleze upande wa kurudisha.

Jamaa wa duka ndiye wa kwanza kuniletea habari ya "kuizoesha". Akasema bastola mpya ni kama kiatu kipya, piga risasi 200 mpaka 500 italainika. Kiatu kipya kikinibana natembea nacho nikichechemea, mzee, hakuna anayekufa. Halafu tupige hesabu. Risasi moja ya milimita 9 ya mazoezi hapa ni kama senti 25 mpaka 30. Mia tano ni dola 125 kwenda juu, hujalipia uwanja, hujahesabu mafuta ya gari. Zinatoka mfukoni kwangu ili nimsaidie mwenye kiwanda kusugua chuma alichotakiwa kukisugua yeye. Na zikiisha mia tano bado inakwama? Hapo, akasema, ndipo unawapigia kiwanda.

Nikawapigia bila kusubiri mia tano. Dada wa huduma kwa wateja alikuwa mpole, simlaumu, anasoma alichoandikiwa. Maswali yale yale: umeisafisha, umetumia risasi gani, umefikisha mia tano? Nikamsomea ukurasa wa kitabu chao wenyewe, kinasema bastola inapokea risasi yoyote ya kiwandani ya 9x19, yaani hizi hizi za milimita 9, iliyotengenezwa kwa viwango. Hakuna mahali kimeandika "baada ya risasi 500". Akanyamaza, akaniambia atanitumia lebo ya kusafirishia. Na ile lebo lazima uisubiri, kwa sababu kampuni za vifurushi hazipokei bastola kutoka kwa mtu binafsi aliyekuja na boksi lake kwapani. Bila kiwanda kukufungulia njia, hutumi kitu.

Ikaenda. Wiki zikapita, lindo naingia na Glock. Ikarudi kwenye boksi lile lile, ndani kuna karatasi moja: imefanyiwa majaribio ya kupigwa, iko ndani ya vipimo, imesafishwa. Basi. Hawakusema nini kimebadilishwa. Nikapitisha ukucha pale pale kwenye mteremko. Unakwaruza vile vile. Kilengeo kiko upande ule ule. Nikaipeleka uwanjani na mzee akaja kusimama nyuma yangu bila kuitwa, mikono kifuani, na ganda likasimama wima dirishani kama kawaida. Mzee akacheka. Mimi sikucheka.

"Ndani ya vipimo." Vipimo vya nani? Maana vipimo vya watu makini vipo na vinajulikana. Mwaka 1911 jeshi la Marekani lilipokuwa linachagua bastola, ile ya mbunifu wa silaha John Browning ilipigishwa risasi 6,000, ikipata joto inatumbukizwa kwenye maji ipoe, na haikukwama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jeshi la Austria liliweka masharti kwa waliotaka kuliuzia bastola, moja likiwa kwamba katika risasi 10,000 za mwanzo isikwame zaidi ya mara 20. Angalia hilo neno, risasi za mwanzo, hakuna habari ya kuizoesha kwanza. Gaston Glock, mtu ambaye hakuwa amewahi kutengeneza bastola kabla ya hapo, akashinda, na 1982 jeshi likaichukua. Hizo mara 20 walizopewa kwa risasi elfu kumi, yangu inazimaliza kabla sijatoka jasho. Na leo tuna mashine za kompyuta za kukata chuma ambazo Browning angezililia.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Nikasema basi kuna serikali, nchi hii ina ofisi kwa kila kitu, lazima kuna mahali pa kushtaki bidhaa mbovu. Ipo Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji, iliundwa kwa sheria ya 1972. Kibaniko chako cha mkate kikitoa cheche, wanaweza kukishughulikia mpaka kiondolewe sokoni. Kitanda cha mtoto, helmeti ya baiskeli, hata bastola ya plastiki ya kuchezea, vyote viko chini yao. Bastola ya kweli haimo. Bunge la hapa lilizitoa silaha na risasi mikononi mwa tume hiyo, na 1976 likakaza tena. Hakuna ofisi ya serikali kuu yenye mamlaka ya kukiamuru kiwanda kirudishe bastola mbovu iliyoko mtaani. Kikirudisha ni kwa hiari yake, au kwa kuogopa kesi. Na kesi zenyewe, ile sheria ya 2005 ya kuwalinda watengenezaji silaha imeacha mlango wa ubovu wa kiwandani wazi, lakini niambieni wakili gani wa Houston ataamka asubuhi kwa ajili ya bastola ya dola mia sita ambayo haijamuumiza mtu? Anataka niumie kwanza.

Ulaya angalau, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia, Ubelgiji, silaha haiuzwi mpaka ipigwe risasi ya shinikizo la kuzidi na kugongwa muhuri kwenye nyumba ya majaribio inayotambuliwa kisheria. Najua ule muhuri unapima kama mtutu utahimili, haupimi kukwama, msinirukie. Ninachosema ni kwamba kuna mtu asiye muuzaji aliyeishika kabla yako. Hapa viwango viko chini ya umoja wa wenye viwanda wenyewe, SAAMI, tangu 1926, na kuvifuata ni hiari. Mwizi ndiye anayeshika funguo za ghala, na bado unaambiwa uamini.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu ya mwanzo:

Mliosema ninunue springi laini na nimpe fundi silaha asugue mteremko. Fundi nimemuuliza, anataka dola 80 na zaidi. Na nikimruhusu mtu baki aguse chuma, kiwanda kinapata kisingizio cha kufuta dhamana. Wanasubiri hicho tu.

Mliosema "uza, mpe mwingine". Nimuuzie nani? Mlinzi mwenzangu mwenye watoto watatu, nimwambie ni nzuri? Kwa sheria za hapa kumuuzia mtu binafsi ndani ya Texas ni rahisi mno, hata karatasi hailazimishwi, ndiyo sababu bastola mbovu zinazunguka mkono kwa mkono na kila anayeipata anadhani tatizo ni yeye.

Aliyesema Mswahili na bastola wapi na wapi: pita tu, mkuu. Kodi ya nyumba hailipwi kwa hekima.

Na yule aliyeandika kwamba yake, modeli hiyo hiyo, imepiga maelfu bila kukwama: nakuamini, na hongera. Ndiyo maana nina hasira zaidi. Kumbe mchoro ni mzuri, wanajua kuitengeneza. Yangu ilipita mbele ya mkaguzi siku ambayo mkaguzi hakuwepo, na badala ya kusema "samahani, chukua nyingine", wanapambana na mimi kwa karatasi.

Kwa sasa nimewaandikia tena kwa barua pepe, safari hii nimeambatanisha video ya ganda limesimama, picha ya mteremko kwa karibu, na maneno ya mkufunzi aliyekubali kuweka sahihi. Sitaki matengenezo tena. Nataka nyingine mpya au hela yangu. Kama kuna mdau hapa, wa Texas au jimbo lolote, aliyewahi kurudishiwa hela taslimu na kiwanda cha silaha, si duka, kiwanda, naomba aniambie alimwandikia nani na alitumia maneno gani. Wa kuniambia nimalize mia tano kwanza, nitumieni risasi.