Presha ya upepo haifiki mashine ya mwisho: tununue kompresa kubwa au tuanzie wapi?

Matengenezo_Tanga: Wakuu, habari za kazi. Nasimamia matengenezo kwenye kiwanda kidogo cha chupa za plastiki hapa Tanga. Tuna kompresa moja (mashine ya kukandamiza upepo) ya skrubu, ya kilowati 37, inatoa kama mita 6 za ujazo kwa dakika, na tenki la lita 500. Mwaka jana tuliongeza mashine ya tatu ya kupuliza chupa, mwisho kabisa wa banda, mita 70 kutoka chumba cha kompresa. Tangu hapo chupa za mashine ile zinatoka zimebonyea mabegani. Tumepandisha presha kutoka bar 7 hadi 8.3, nafuu ni ndogo. Na maji ndiyo usiseme: asubuhi nikifungua valvu ya mwisho yanatoka mekundu kama chai ya rangi.

Bosi ameshapata bei ya kompresa ya kilowati 55 na anataka neno langu wiki hii. Nahofia tutamaliza hela na tatizo libaki pale pale. Naombeni ushauri.

FundiUpepo: Mkuu, msilipe kwanza. Funga geji nyingine mgongoni mwa mashine ya tatu, uisome pamoja na ya tenki mashine zote zikiwa kazini. Bomba lenu ni inchi ngapi?

Matengenezo_Tanga: Inchi moja, la chuma, lilifungwa enzi za mashine mbili. Mwishoni tumeunga mpira wa nusu inchi, mita 12.

FundiUpepo: Hapo ndipo panaponitia shaka. Upepo wote huo kwenye inchi moja unapoteza zaidi ya bar nzima njiani, na ule mpira unakula yake. Kompresa ya 55 itasukuma kwenye koo lile lile. Mkiweka inchi mbili, upotevu wa bomba unakuwa mdogo kiasi kwamba geji haitauonyesha.

Shifti_ya_usiku: Naongezea la uvujaji. Jumapili mashine zikiwa zimezimwa, washa kompresa peke yake, shika saa. Andika inajaza kwa muda gani na inapumzika muda gani. Gawa muda wa kujaza kwa jumla ya yote mawili, hiyo ndiyo sehemu ya upepo inayopotea. Halafu hiyo presha mliyopandisha irudisheni mkimaliza kuziba, maana kila bar moja ya ziada inaongeza umeme kama asilimia 7, na matundu yanavuja zaidi.

Mdau_Kilindini: Mimi niko Mombasa, joto letu na lenu ni moja. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 ina karibu gramu 24 za maji kwa kila mita ya ujazo. Kwa kompresa yako ni zaidi ya lita 8 kwa saa! Kipoza cha kompresa kinatoa sehemu kubwa, ila lita mbili na ushee bado zinaingia kwenye laini. Wekeni mashine ya kukausha upepo kabla ya kufikiria kompresa. Matawi yote yatokee juu ya bomba kuu, yasitokee chini. Na tafadhali sana, msishawishike na bomba za PVC kwa sababu ya bei. Zikipasuka zinarusha vipande kama visu.

Matengenezo_Tanga: Nimerudi na majibu. Tenki bar 8.3, mashine ya tatu 6.1. Jumapili kompresa imejaza dakika 2, imepumzika 4, kwa hiyo theluthi moja inapotea. Tumezunguka na povu la sabuni tukapata sehemu 23, nyingi kwenye koplingi. Iliyoniuma zaidi ni valvu ya kutolea maji: vijana huiacha nusu wazi usiku kucha ili maji yasiingie kwenye silinda za mashine. Siwezi kuwalaumu.

FundiUpepo: Theluthi hiyo ni karibu kilowati 12 zinazotoka bure. Zibeni, badilisheni bomba, rudini bar 7, kisha upime tena. Hela ikibaki, nunueni kompresa ya pili ndogo, yenye mota inayobadilisha kasi kufuata mahitaji, mbaki na 37 yenu. Mkitegemea moja tu, siku ikikorofisha kiwanda kizima kinasimama.

Matengenezo_Tanga: Bosi amekubali bomba na mashine ya kukaushia kwanza. Swali la mwisho: nikirudisha mwisho wa laini ukaungana na mwanzo, duara zima, bado nahitaji inchi mbili au moja na nusu inatosha?

FundiUpepo: Kwenye duara upepo unafika kwa pande mbili, moja na nusu inatosha kwa leo. Ila kama kuna mashine ya nne kwenye mipango, weka mbili.