Zamu ya saa 12 ghalani, mkataba unasema "mshahara unajumuisha ovataimu". Ni halali?

Mtunza Stoo
Wadau, habari za leo. Ghala moja Vingunguti, Dar es Salaam: kuingia saa 12 jioni, kutoka saa 12 asubuhi, siku 6 kwa wiki. Mshahara wa msingi 312,000. Mkataba wenye maneno hayo umeshasainiwa. Kuna cha kudai? Hesabu inapigwaje?

Mzee wa Zamu
Mkuu, kipo, na si kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Zinazozidi ni ovataimu, inalipwa mara moja na nusu. Sahihi ya mfanyakazi haishushi kiwango hicho.

Gawa 312,000 kwa 4.333 (wastani wa wiki za mwezi), kisha kwa 45. Inakuja kama 1,600 kwa saa, ovataimu 2,400. Ukitoa saa moja ya mapumziko kila zamu, zinabaki 66 kwa wiki. Za ziada ni 21, yaani 50,400 kila wiki. Halafu kuanzia saa 2 usiku hadi 12 asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5: shilingi 80 kwa saa ya kawaida, 120 kwa ya ovataimu. Wengi hukosea kwa kupigia hesabu mshahara uliobaki baada ya makato. Tumia wa msingi.

Dada Kariakoo
Hiyo saa ya mapumziko iangalieni vizuri. Kama yuko peke yake na haruhusiwi kuacha geti, ni saa ya kazi, ilipwe.

Mwajiri akileta hoja kwamba sheria inaruhusu makubaliano ya saa 12 kwa siku bila ovataimu, ni kweli, ila kwa siku zisizozidi 5 na saa 45 kwa wiki. Kwa siku 6, makubaliano hayo hayamsaidii. Na ovataimu yenyewe mwisho ni saa 50 kwa wiki nne. Hapo zinafika 84. Hata akilipa yote, bado amevunja sheria.

Mtunza Stoo
Shukrani sana. Mfanyakazi aanzie wapi?

Mzee wa Zamu
Apige picha daftari la mahudhurio, tarehe zionekane, na atunze slipu za mshahara. Aandike barua ya madai, nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya, aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ajaze Fomu Na. 1, akiwa na uthibitisho kwamba mwajiri amepokea nakala ya fomu hiyo.

Muda ni siku 60 tangu mgogoro uanze. Zile 30 ni za walioachishwa kazi. Akichelewa, kuna Fomu Na. 2 ya kuomba kuongezewa muda, lakini lazima awe na sababu nzito. "Njoo mwisho wa mwezi" ya bosi haisimamishi siku kuhesabika.