Naomba ushauri: bega bado linauma wiki ya tatu baada ya chanjo

Wakuu, hasa wa mifupa na fiziotherapia hapa Dodoma. Mjamzito wa wiki 28, wa Chamwino, alichomwa chanjo ya pepopunda mkono wa kushoto. Maumivu yalianza usiku uleule. Hadi leo hawezi kuinua mkono kufunga kilemba. Hana homa, jipu wala ganzi ya vidole. Alama ya sindano iko juu mno, karibu kugusa ncha ya mfupa wa bega.

Maumivu ya kawaida ya chanjo huisha siku mbili tatu. Hapa inaelekea dawa iliingia kwenye kifuko cha majimaji chini ya mfupa huo, kikavimba. Chanjo yenyewe haina kosa, mahali ndipo palipokosewa: ilipaswa kuchomwa vidole viwili hadi vitatu chini ya ncha ya mfupa, katikati ya msuli, sindano ikiingia kwa nyuzi 90. Wengi hukosea kwa kuvuta kola ya gauni badala ya kukunja mkono wa nguo (au kuuvua kabisa ukibana), tena mchomaji amesimama na mteja amekaa.

Ibuprofen na diklofenaki sitaki kwa umri huu wa mimba. Anatumia parasetamol, na anabembeza mkono taratibu akiwa ameinama. Fomu ya madhara ya chanjo imejazwa.

Je, aanze na ultrasaundi ya bega au fiziotherapia moja kwa moja? Na sindano ya steroidi kwenye kifuko, mnampa mjamzito au mnasubiri ajifungue?